Mlango wa pili tuliochelewa kuugonga

Siku Mama anatoka wodini tulipewa karatasi ya kurudi kliniki. Chini ya orodha ya dawa za presha, daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka herufi nne: PT, OT. Zile mbili za mwanzo muuguzi alitueleza. Ni fiziotherapia, mazoezi ya viungo, njooni jengo la nyuma Jumatatu na Alhamisi. Hizo nyingine hakuna aliyezieleza, na sisi hatukuuliza. Kaka yangu aliipeleka karatasi kwa rafiki yake anayeuza kwenye duka la dawa, akaambiwa OT ni chumba cha upasuaji. Mama aliposikia akasema, "Mimi sikatwi." Wiki ile ile binamu yetu akatutoa hofu: si upasuaji, ni mazoezi vilevile, jina tu ndilo tofauti. Tukashusha pumzi. Kama ni mazoezi, na mazoezi tayari anafanya, ya nini tena kutafuta nauli mara mbili? Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye mkoba wa kadi za kliniki. Ikakaa humo miezi mitano.

Naandika kwa ajili ya hiyo miezi mitano.

Mama ni mpika vitumbua. Makorora, Tanga, watu wa mtaa wetu wamekula vitumbua vyake tangu mimi sijaanza shule. Kiharusi kilimkuta alfajiri, ameinama kuwasha jiko. Alikuwa ameacha vidonge vya presha wiki kadhaa kwa sababu alijiona mzima. Kilimpiga ubongo upande wa kulia, na kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza mwili wa kushoto, mkono na mguu wa kushoto vikalala. Mdomo ulipinda kidogo, maneno yakabaki. Tulimshukuru Mungu kwa maneno hayo, ila baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndiyo yaliyotudanganya. Mtu anayezungumza vizuri, anayejua majina ya wajukuu wote na madeni ya wateja wote, humdhanii kwamba kuna kitu hakioni.

Fiziotherapia ilimfanyia Mama kazi kubwa, na sitaki msomaji adhani nalalamikia upande huo. Mtaalamu wetu alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole na mikono yenye nguvu. Alianza na kukaa. Mama alikuwa akikalishwa kitandani anaangukia kushoto kama gunia, basi wiki ya kwanza yote ilikuwa kujifunza kukaa pasipo kuegemea, kisha kuufikia mkono wa mtaalamu mbele, pembeni, chini. Baada ya hapo kusimama baina ya vyuma viwili sambamba, kuhamisha uzito mguu huu na mguu ule, kukunja goti bila kulikaza, kutua kisigino kwanza. Unyayo wake ulikuwa unaburuta, akapatiwa kifaa cha plastiki cha kuushika kifundo cha mguu. Sisi nyumbani tulifundishwa tusimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza hata siku moja, kwa sababu misuli inayolishika bega imelegea na bega linaweza kuteguka, na maumivu yake huchelewa kuondoka. Kabla ya hapo nilikuwa namvuta mkono huo kila asubuhi, kwa nia njema kabisa.

Mwezi wa nne Mama alitembea kutoka kitandani hadi barazani na fimbo ya miguu minne. Majirani walipiga vigelegele. Kwetu sisi, hapo ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mtu aliyepooza akitembea, si amepona?

Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa hivyo, na niliyoyaona nilikosa pa kuyapeleka. Mama alikuwa anagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, kila siku, mlango ule ule aliopita miaka thelathini. Akila wali, anakula nusu ya sahani. Nusu ya kulia inakwisha kabisa, nusu ya kushoto inabaki kama ilivyopakuliwa, halafu anasema kashiba au, mara nyingine, analalamika: "Leo mbona hamkuniwekea samaki?" Samaki yupo, upande wa kushoto wa sahani. Shangazi akasema anasusa. Mwingine akasema anadeka, amezoea kuhudumiwa. Jirani mmoja akanivuta pembeni kuniambia hili si la hospitali, kuna mkono wa mtu. Mimi niliyeshinda naye siku nzima nilikuwa namgombeza. "Mama, samaki huyo hapo, angalia basi!" Naye ananitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayesingiziwa.

Siku moja akang'ang'ania kupika. Nikamwekea jiko, nikamkalisha, nikamkandia unga. Chuma chetu cha vitumbua kina mashimo saba, moja katikati na sita kulizunguka. Alivigeuza vya kulia na cha katikati kwa ustadi wake ule ule. Vya kushoto vikaungua hadi vikawa mkaa, moshi unapanda usoni mwake, naye hana habari. Nilipokimbilia kuvitoa ndipo nikaona mkono wake wa kushoto umeegemea ukingo wa jiko. Ngozi ilikuwa imeshababuka. Hakuwa amesikia kitu.

Alhamisi iliyofuata dada wa fiziotherapia aliona bandeji. Nikamweleza yote, ya jiko na ya samaki. Akaniuliza, "Wenzetu wa tiba kwa vitendo walisemaje?" Nikamjibu kwamba si ndiyo hii tunayofanya hapa. Akaniangalia, akasema, "Hapana, dada yangu. Hapa ni fiziotherapia. Tiba kwa vitendo ndiyo ile OT ya kwenye karatasi yenu. Hamjawahi kwenda pale?" Akanyoosha kidole upande wa pili wa ukumbi. Mlango ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye benchi tulilokuwa tukikaa Jumatatu na Alhamisi kwa miezi mitano.

Chumba kile hakikuwa na vyuma wala mipira mikubwa ya mazoezi. Kilikuwa na kitanda, meza, beseni, vikombe, ubao wenye vifungo na zipu, kanga, maharage kwenye bakuli, na kona iliyopangwa kama jiko. Mtaalamu alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia Mama, akavuta kiti, na nilitegemea ataanza kumkunja mkono. Badala yake akamuuliza: "Mama, kabla ya kuumwa, siku yako ilikuwaje? Nianzie unapofumbua macho."

Mama akaanza. Anaamka saa kumi, anatia udhu, anaswali, anafunua ndoo kuangalia kama unga umeumuka, anawasha jiko. Kijana anaandika. Unakaa wapi? Jiko liko mkono gani? Maji yako wapi? Nani anakuna nazi? Chooni unachuchumaa au unakaa? Hapo Mama aliinamisha kichwa, maana ni mambo ya kusema na mwanamke mwenzio, si na kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Kijana alielewa, akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini. Zilipita kama dakika arobaini za maswali. Nilikuwa nimeanza kuudhika, nikijiuliza matibabu yanaanza saa ngapi.

Kisha akampa karatasi na kalamu, amchoree saa ya ukutani. Mama akachora duara zuri, halafu akapanga namba zote kumi na mbili upande wa kulia, zimebanana, nusu ya kushoto ikabaki tupu. Akasema kamaliza. Akapewa karatasi nyingine yenye vistari vingi, akate kila kistari. Alikata vya kulia vyote na kushoto hakugusa hata kimoja. Nililia pale pale. Samaki, mlango, vitumbua, jiko, vyote vilikuwa kwenye ile saa.

Kijana alinieleza taratibu. Macho ya Mama ni mazima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayosema "kuna upande wa kushoto, uangalie." Kwake yeye upande huo haujafichwa na kitu, ni kama haupo. Ndiyo maana kumgombeza hakusaidii: huwezi kumwambia mtu aangalie mahali ambapo akili yake inamwambia hapapo. Hali hiyo huwapata wengi waliopigwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Na miezi ya mwanzo, ambayo ubongo hujipanga upya kwa kasi zaidi, tulikuwa tumeshaipitisha. Hakunilaumu, na alisema bado kuna kazi ya kufanya na inafaa kufanywa.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa moyoni: sasa ninyi na wale wa ng'ambo mnatofautianaje? Akachukua kikombe, akakiweka mezani mbele ya Mama. "Mwenzangu wa fiziotherapia akikiona kikombe hiki anauangalia mkono. Kiwiko kinanyooka kiasi gani, misuli ina nguvu, bega linauma, mwili unakaa wima wakati mkono unakwenda mbele? Anatengeneza mwendo. Mimi naiangalia chai. Je, Mama atakiona kikombe kikiwa kushoto? Atakumbuka sukari? Atakunywa amekaa wapi, na nani, saa ngapi? Na kama kiwiko hakitanyooka tena, chai itamfikiaje?" Nimeyabeba maelezo hayo tangu siku ile kwa sababu yaliuchukua mwili wa Mama na maisha ya Mama na kuvitazama kwa pamoja bila kuvichanganya.

Kwa vitendo mipaka si ukuta. Niliwaona mara nyingi wakiitana. Kijana wa tiba kwa vitendo alimkandisha Mama unga kwa mikono miwili, wa kulia ukiulazia wa kushoto vidole, na hayo ni mazoezi ya mkono sawasawa na mengine yoyote. Alimwekea kioo katikati ya mikono, mkono mgonjwa nyuma ya kioo, Mama akitazama taswira ya mkono mzima ukifumba na kufumbua kana kwamba ndio ule mwingine. Naye dada wa fiziotherapia, tangu ajue habari ya upande uliopotea, akawa anasimama kushoto kwa Mama anapomtembeza ili amlazimishe kugeuza shingo. Mtu akipita mbio mlangoni asingejua nani ni nani. Lakini kila mmoja ana swali lake, na Mama alikuwa amekosa kuulizwa moja kati ya hayo mawili.

Baadaye nilisoma kidogo asili ya kazi hizi. Fiziotherapia ya Uingereza ilijiundia chama mwaka 1894, pale wauguzi wanne wa London walipoungana ili kazi ya kukanda na kuchua wagonjwa iheshimike kama fani. Chama cha kwanza cha tiba kwa vitendo Marekani kilianzishwa Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, na mwenye nyumba walimokutania, George Edward Barton, alikuwa mchora ramani za majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudisha mwenyewe kwa kazi za bustani na useremala. Nilipofika hapo nikasoma mara ya pili. Upande wa kushoto, kama Mama.

Tuliporudi kliniki mara ya pili kijana alinituma jambo nililoliona la ajabu: nipige picha kwa simu nyumba nzima. Mlango wa chumba, kizingiti, njia ya uani, choo, mahali pa jiko, kitanda kutoka pembeni. Kutoka kwenye picha hizo yalitoka mabadiliko mengi ambayo fundi wa mtaani aliyamaliza kwa siku mbili. Kitanda kiligeuzwa. Chooni kilikwenda kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, na bomba la chuma likapigiliwa ukutani upande wa kulia, kwa kimo cha mkono wake. Kizingiti cha uani kikamiminiwa zege kikawa mteremko. Kanga ya kiunoni nikaitia mpira, kwa sababu kufunga fundo kwa mkono mmoja kulikuwa kunamliza. Gauni akafundishwa: mkono mgonjwa ndio uanze kuingia na uwe wa mwisho kutoka. Chini ya bakuli tukaweka kitambaa kibichi lisizunguke. Ukingo wa kushoto wa sinia nikaubandika utepe mwekundu, na sheria ikawa moja: hujamaliza kula mpaka umeuona mwekundu. Wiki ya kwanza ilibidi nimkumbushe kila tonge. Wiki ya tatu akamkuta samaki mwenyewe. Alinitazama kwa ushindi, nikatoka nje kwa sababu nilijua nitalia tena.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni udhu. Tangu augue, mimi ndiye niliyekuwa namwoshea mkono wa kushoto, naye alikuwa anaona aibu, ibada ya mtu kufanyiwa na mtu. Kijana alipolisikia hilo akauliza utaratibu hatua kwa hatua, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, mara tatu. Akafikiri. Kisha akasema tusimwoshee tena. Tumwekee kigoda imara, maji kwenye birika lenye mkono upande wa kulia, na yeye mwenyewe autafute mkono wa kushoto, autazame, auinue kwa mkono wa kulia auweke mapajani, auoshe hadi kiwikoni, arudie. Alitia udhu kila swala hata kama ule wa mwanzo haujamtenguka. Vipindi vitano kwa siku, mara tatu kila kipindi, mkono uliosahaulika unatafutwa na kuonekana. Hakuna zoezi la hospitalini ambalo Mama angelirudia mara nyingi kiasi hicho kwa moyo mmoja. Kijana mwenyewe ni Mkristo kutoka Kilimanjaro. Hakuwa na haja ya kuujua udhu kabla. Aliuliza tu, akasikiliza.

Kazi ya vitumbua ilichukua muda mrefu zaidi na haikurudi yote. Aliulizwa: katika kazi hii, Mama, sehemu ipi ni yako, ambayo akifanya mwingine vitumbua si vyako tena? Nilidhani atasema nazi, maana mbuzi yake ya kukunia hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Lakini kukuna nazi kunataka mikono miwili, mmoja unashika kifuu na mwingine unakizungusha, na hilo alilikubali kwa uchungu. Siku hizi tunanunua nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni, na kila mara anaionja na kukunja uso. Alichosema ni chake ni kuonja unga na kugeuza. Basi tukabaki na hayo mawili. Jiko likainuliwa juu ya matofali, likawekwa mbele yake sawasawa, naye akakalia kiti chenye mikono, mkono wa kushoto ukilazwa kwenye mto mapajani mahali anapouona. Upawa ukabadilishwa na jagi dogo. Na mkono wa chuma cha vitumbua ukafungwa kitambaa chekundu, ukaelekezwa kushoto. Kabla ya kugeuza anatembeza macho hadi akione kitambaa, halafu anaanza na vya upande huo.

Nimeshawaona wengine kwenye benchi la ukumbi ule. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefundishwa kushika kijiko, na mama yake hajui kwa nini hapelekwi kwenye vyuma kama wenzake. Fundi cherehani aliyeungua vidole, anarudishiwa uzi na sindano. Kijana aliyetoka wodi ya afya ya akili, anapangiwa siku yake upya, kuamka, kuoga, kwenda kazini. Na upande wa pili, wazee wa mgongo, waliovunjika nyonga, na wale wa kifua wanaofundishwa kupumua na kukohoa makohozi yatoke. Nikimwona mtu ana karatasi mkononi, huwa nasogea. Namwamkia, naomba kuiona. Kama pana herufi zile mbili za pili, nampeleka mwenyewe hadi mlangoni.

Mama anapika Ijumaa tu sasa, vichache, anachoka upesi na mkono haujarudi. Ijumaa iliyopita nilikuwa nafagia uwanja nikasikia harufu ya kuungua, nikaacha fagio nikaanza kukimbia kama siku ile. Nilimkuta ameshageuza shingo, kijiti kiko kwenye shimo la kushoto kabisa.

"Nimekiona," akasema. "Lete sahani."